Waya, Wi-Fi au faiba: kipi kiunganishe kompyuta zako?

"Fundi, kwani bado mnatoboa kuta? Si tuweke Wi-Fi tu yaishe?"

Swali hili silikosi kwenye kazi mpya, na mara nyingi anayeuliza keshanunua kisambazaji chenye antena sita, bado kimo kwenye boksi, ananisubiri nimwonyeshe pa kukitundika. Wiki hiyohiyo mwingine atanipigia akitaka faiba ifike mpaka mezani kwa kila karani, maana kasikia faiba ndiyo yenye kasi. Na yupo wa tatu, huyu ni mhasibu wa zamani, asiyeamini kitu asichoweza kukishika kwa mkono: kwake ni waya tu, hata kwa simu ikiwezekana. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi kwa jengo lake, na kila mmoja anaweza kutupa pesa.

Hapa nazungumzia mtandao wa ndani: ule unaounganisha kompyuta, printa, kamera na simu za ofisi, shule, zahanati au nyumba ya wageni, kabla hujaifikia laini ya kampuni inayokuletea intaneti. Hivi ni vitu viwili na watu huvichanganya. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu kwa pamoja, intaneti iliyumba Afrika Mashariki nzima. Lakini ofisi yenye mtandao mzuri wa ndani iliweza kuendelea kuchapa, kufungua mafaili ya kwenye seva yake na kutazama kamera zake. Kinyume chake pia hutokea: unalipia megabiti mia, na zinaishia ukutani kati ya mapokezi na chumba cha mhasibu.

Ninachouliza kabla ya bei

Umbali ni kiasi gani, na katikati kuna nini? Ni wangapi watakaotuma kwa wakati mmoja? Data ikipotea njiani, nani anairudisha? Radi ikipiga, na umeme ukikatika, itakuwaje? Nani anaweza kusikiliza? Na mwisho, kufunga na kutengeneza kunagharimu nini, na fundi wake anapatikana? Kwa maswali hayo sita nitazipitisha njia zote tatu: waya wa shaba, Wi-Fi na faiba (uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga).

Kuna jambo moja la kuweka sawa kwanza, kwa sababu ndilo linalokupa uhuru wa kuchagua. Itifaki za intaneti, yaani kanuni zake za mawasiliano, zimepangwa kwa tabaka, na tabaka la juu halijali lililo chini yake limetengenezwa kwa nini. Wazo hilo wanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Vint Cerf na Bob Kahn, walilichapisha mwaka 1974. IP (inayopeleka data kwenye anwani yake) na TCP (inayohakikisha imefika) zikaandikwa rasmi mwaka 1981, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ukahamia kwenye itifaki hizo. Chukulia gunia la karafuu linalotoka Pemba kwa jahazi, likashushwa Tanga likapanda lori, likamalizia kwa mkokoteni. Jina lililoandikwa juu ya gunia halibadiliki. Kinachobadilika ni chombo. Gunia ni pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data. Vyombo ni fremu (vibebeo vya pakiti) za waya, za Wi-Fi au za faiba.

Ndiyo maana kompyuta ya Wi-Fi inachapisha kwenye printa ya waya bila yeyote kujua. Waya na Wi-Fi zote hutumia anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) za biti 48, na faiba ya ofisini hubeba fremu zilezile za Ethernet, mfumo wa mtandao wa waya, zinazopita kwenye shaba. Kwa hiyo hulazimiki kuoa moja na kuacha nyingine. Unachagua kipande kwa kipande.

Umbali, na kilichopo katikati

Waya wa shaba una mpaka unaojulikana: mita 100. Kwa kawaida 90 ni za kebo iliyolala ukutani, 10 ni za kebo fupi za kuchomeka pande zote mbili. Ukitaka kuvuka hapo, unaweka swichi (kifaa kinachounganisha nyaya na kupitisha data) katikati. Ndani ya mpaka huo, kebo ya daraja la Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde bila kutoka jasho. Cat6 inafika gigabiti 10 lakini kwa mita kama 55 tu, na Cat6A inazifikisha mita zote 100. Ukuta ukishatobolewa, unene wake hauna maana tena. Kinachoua waya sokoni kwetu ni kebo za alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha dukani. Kebo hiyo hukatika ikikunjwa mara chache, na ukipitisha ndani yake umeme wa kuwasha kamera inapata moto.

Wi-Fi haina namba moja ya kukupa. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Lamu, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zenye upana wa mkono tangu kiwiko hadi ncha ya vidole. Mawimbi ya gigahezi 5 yanaingia ukuta wa kwanza yakiwa hai, wa pili yanatokea yamechoka, wa tatu hayatokei. Ya gigahezi 2.4 yanapenya zaidi, ila ni ya polepole na yana msongamano. Zege lenye nondo, mabati, tangi la maji, kioo chenye utando wa metali: vyote ni maadui. Nje, peupe, ni hadithi nyingine kabisa. Redio mbili zinazotazamana juu ya mapaa huvuka kilomita kadhaa, mradi hakuna mwembe unaoota katikati.

Na zile antena sita? Mazungumzo ni ya pande mbili. Kisambazaji chako kinaweza kupiga kelele mpaka barabarani, lakini simu iliyo mfukoni haina nguvu ya kukijibu. Ndiyo sababu unaona mistari yote ya Wi-Fi imejaa na ukurasa haufunguki.

Faiba ndiyo bingwa wa umbali. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham walieleza kuwa kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Kao Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Leo nyuzi nyembamba za kawaida, ambazo njia yake ya mwanga ina upana wa mikromita 9 hivi, hubeba data kilomita 10 kwa vifaa vya bei ya wastani. Kuna pia aina yenye njia pana ya mikromita 50, ya ndani ya majengo, ambayo ile ya daraja la OM3 inafikisha gigabiti 10 kwa mita 300. Faiba haipendi kukunjwa kwa kona kali, na haipendi panya. Waya nao haupendi panya, lakini waya uliotafunwa utauunga kwa dakika kumi.

Zamu

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo pasipoandikwa kwenye boksi.

Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha visiwa vyao. Kanuni yake ilikuwa ya ajabu kwa wepesi: ukiwa na la kusema, sema. Mkigongana, kila mtu asubiri muda wa kubahatisha, kisha arudie. Ilifanya kazi, lakini hesabu zinaonyesha kwamba mfumo wa namna hiyo hauwezi kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa chaneli. Sehemu kubwa inaishia kwenye migongano na ukimya. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akiwa Xerox PARC kule California, alilichukua wazo hilo akalitia kwenye waya na kuliongezea adabu: sikiliza kabla hujasema, na ukisikia mmegongana, nyamaza mara moja. Hiyo ndiyo Ethernet. Kwa maneno mengine, waya ulijifunza kutoka kwa redio.

Kisha waya ukaendelea mbele. Siku hizi kila kompyuta ina kebo yake mpaka kwenye swichi, inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, na hakuna wa kugongana naye. Ni kama kila nyumba kuwa na bomba lake la maji. Kompyuta 30 za darasani zikifungua somo lililo kwenye seva ya shule kwa pamoja, foleni pekee inatokea kwenye kebo inayoingia kwenye seva yenyewe, na hiyo unaweza kuipanua.

Wi-Fi imebaki na bomba la mtaa. Chaneli ni moja, na anayezungumza ni mmoja. Tena haiwezi kutumia ule ujanja wa Metcalfe wa kusikia mgongano, kwa sababu redio inapotuma, sauti yake yenyewe inaiziba masikio. Kwa hiyo inajihadhari: inasikiliza, inasubiri kidogo kwa kubahatisha, inatuma, halafu inangoja aliyepokea aseme "nimepata." Adabu hiyo yote inakula muda. Mimi hupanga kazi kwa nusu ya kasi inayoonyeshwa kwenye kifaa, na nikipata zaidi nashukuru. Zile kasi za megabiti elfu tatu zilizochapwa kwenye boksi ni jumla ya masafa yote ya kifaa, na hakuna simu itakayozipata peke yake.

Foleni hiyo ina watu usiowajua. Jirani anayetumia chaneli yako yumo. Kompyuta mpakato ya mwaka 2010 iliyo kona ya mbali imo, nayo kwa sababu inazungumza polepole inashika bomba muda mrefu kuliko wote. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo katika jengo la ghorofa nne lenye maduka kila mlango, zamu yako unaigawana na mtaa mzima. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi. Na kuna jambo la vifaa viwili vilivyo pande mbili za jengo: vyote vinakisikia kisambazaji cha katikati, vyenyewe havisikiani, basi kila kimoja hudhani kuko kimya na vinagongana palepale katikati. Fundi asiyelijua hili atabadilisha ruta tatu.

Faiba kati ya swichi mbili haina foleni ya aina hiyo: uzi mmoja unakwenda, mwingine unarudi, au uzi mmoja wenye rangi mbili za mwanga. Ila usidhani neno faiba linafuta zamu popote lilipo. Ile inayoletwa nyumbani na kampuni za intaneti mara nyingi ni ya mfumo wa GPON, ambamo uzi mmoja wenye gigabiti kama 2.5 za kushuka na 1.25 za kupanda hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na kila nyumba hupewa kipande chake kidogo cha muda wa kutuma.

Wanaotaka faiba kwa sababu "mwanga unakimbia" wajue hili: ndani ya kioo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, wakati mawimbi ya redio hewani huenda karibu 300,000. Wi-Fi ndiyo yenye mbio. Inachelewa kwa sababu imesimama foleni.

Pakiti ikipotea

Kwenye waya, kila fremu hubeba mkiani namba ya ukaguzi ya biti 32. Swichi ikikuta hesabu hazilingani, inaitupa fremu kimyakimya. Haimwambii mtu. Anayegundua ni TCP huko mwanzo na mwisho wa safari, naye ndiye anayetuma upya. Utaratibu huu unafaa kwa sababu kwenye kebo iliyofungwa vizuri upotevu ni nadra. Kebo mbaya ikianza kupoteza kidogo kidogo, hakuna taa itakayokuwakia. Mambo yatakuwa mazito tu, na lawama itakwenda kwa kompyuta.

Wi-Fi haiwezi kuishi hivyo, maana hewani upotevu ni wa kila dakika. Kwa hiyo yenyewe hurudia: isipopata jibu inatuma tena, na tena, na inashusha kasi ili ieleweke. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo. Tangu mtafiti wa mitandao Van Jacobson alipoeleza mbinu zake za kudhibiti msongamano mwaka 1988, TCP ya kawaida huchukulia pakiti iliyopotea kuwa dalili ya barabara kujaa, nayo inapunguza mwendo. Kama kila kelele ya hewani ingemfikia TCP kama upotevu, angetambaa siku nzima. Wi-Fi inamficha. Inageuza upotevu kuwa ucheleweshaji.

Matokeo yake utayaona kazini. Faili linashuka vizuri, video ya YouTube inajaza akiba yake na kuendelea, lakini mkutano wa video unakatakata. Simu za sauti na video kwa kawaida hupita kwa UDP, ambayo haina subira ya kuomba kurudiwa: sauti iliyochelewa nusu sekunde haina kazi tena. Kwa hiyo mtu akiniambia "intaneti nzuri ila simu zinakwama," kwanza naangalia hewa yake, kabla sijaigusa laini.

Faiba hufuata kanuni ileile ya waya, inatupa bila kusema. Mara nyingi adui wake ni uchafu. Chembe ya vumbi kwenye kichwa cha uzi wenye mikromita 9 ni jabali. Futa kabla ya kuchomeka, funika ukichomoa, na usichungulie ndani yake kwa jicho kamwe: mwanga huo hauonekani, lakini unaweza kuumiza.

Kipimo unachoweza kukifanya leo, bila fundi: fungua dirisha la amri, piga ping (amri inayopima muda wa data kwenda na kurudi) kwa anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo, iache iende dakika tano wakati wa kazi nyingi. Kwenye waya mzima utaona chini ya milisekunde 1, mstari kwa mstari. Kwenye Wi-Fi nzuri utaona mbili, nne, tisa. Ukiona thelathini, kisha mia mbili, kisha kimya, tatizo liko ndani ya jengo lako. Kubadilisha kampuni ya intaneti hakutasaidia.

Radi na umeme

Kosa hili ni langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya ufundi niliunganisha majengo mawili ya shule kwa kebo ya shaba ya mita 60, ikapita juu, imefungwa kwenye nguzo ya bendera. Ndani ya mpaka wa mita 100, nikajisifu. Masika ya kwanza radi ikapiga karibu, hata si kwenye jengo. Swichi mbili zikafa, na kompyuta saba zikapoteza tundu la mtandao. Majengo mawili yana ethi mbili (nyaya za kupeleka umeme ardhini), na radi ikipiga ardhini nguvu ya umeme ya huku na kule hupishana kwa ghafla. Kebo ya shaba inakuwa daraja. Na nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Tangu siku hiyo sivushi shaba kutoka jengo hadi jengo.

Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Angalia tu ile ya kupita juu ya nguzo: mara nyingi ina waya wa chuma wa kuibeba, na huo unaukata na kuufunga kwenye ethi kabla ya kuingia ndani. Redio za juu ya paa hazina waya kati ya majengo, lakini kila moja inapanda paani kwa kebo ya shaba inayoipa umeme, hivyo radi ina mlango wake. Kizuizi cha radi na ethi nzuri si mapambo.

Upande wa umeme wa kawaida, waya unalipiza. Kebo moja inaweza kubeba data na umeme pamoja: wati 15.4 kwa kiwango cha mwaka 2003, wati 30 kwa kile cha 2009. Weka swichi moja kwenye betri moja ya akiba, na umeme ukikatika saa mbili usiku kamera zote, simu za mezani na visambazaji vya Wi-Fi vinaendelea. Faiba haiwezi kuwasha kitu. Mwisho wake lazima pawe na soketi. Wi-Fi vilevile, ingawa kompyuta mpakato na simu zina betri zao, na hilo si jambo dogo kwa mahali umeme unapokatika mara kwa mara.

Nani anasikiliza

Waya unamtaka mwizi afike kwenye tundu, kwa hiyo tundu tupu la mapokezi lizimwe kwenye swichi. Wi-Fi inatoka nje ya ukuta. Usimbaji (kugeuza data iwe fumbo) wa aina ya WEP ulivunjwa tangu mwaka 2001; tumia WPA2 ya mwaka 2004 au, kama vifaa vyako vinaikubali, WPA3 ya 2018, na wageni uwape mtandao wao ambao hauioni seva ya mahesabu. Faiba haivujishi kitu hewani na ni ngumu kuidokoa. Kwa zote tatu, benki na barua pepe zako zinasimbwa tena huko juu na TLS, kanuni ya usimbaji ya tovuti na barua pepe, kwa hiyo hatari kubwa zaidi ni nywila ya Wi-Fi iliyobandikwa ukutani tangu ofisi ifunguliwe.

Kufunga, kutengeneza, kulipa

Waya: roli la mita 305, vichwa vya RJ-45, koleo la kubania na kipimo cha taa nane. Mafundi wapo kila mji. Gharama kubwa ni jasho la kutoboa na kupitisha, na katika nyumba ya kupanga mwenye nyumba lazima aridhie. Ukishafunga vizuri, unakaa miaka.

Wi-Fi: kuanza ni rahisi kuliko zote, na mpangaji akihama anaondoka nayo. Gharama yake hujificha baadaye, kwa sababu kisambazaji kizuri kinataka waya nyuma yake. Vile vinavyodaka mawimbi na kuyarudisha hewani bila waya husema kila kitu mara mbili kwenye bomba lilelile, na zamu za watu wote zinapungua. Kwa nyumba ya familia inatosha. Kwa ofisi ya watu ishirini utajuta.

Faiba: uzi wenyewe siku hizi si ghali. Ghali ni mashine ya kuunga nyuzi kwa moto, na fundi anayeimiliki. Kwa kipande kimoja kati ya majengo mawili, pima umbali vizuri, ongeza mita chache, agiza kebo iliyokwisha kufungwa vichwa kiwandani, kisha nunua swichi zenye matundu ya faiba au vigeuzi viwili. Hapo hutahitaji mashine. Ila siku jembe likiikata, utalihitaji jina la yule mwenye mashine.

Wewe uko wapi kati ya hawa?

Duka au ofisi ya chumba kimoja, watu watano, nyumba ya kupanga: Wi-Fi inakutosha, kwenye gigahezi 5, kisambazaji kikae katikati ya chumba na si nyuma ya kabati. Printa na kompyuta ya malipo vichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta. Zipo karibu, hakuna cha kutoboa.

Maabara ya kompyuta ya shule: waya. Wanafunzi 30 hubofya kitu kimoja kwa sekunde moja, na hiyo ndiyo hali ambayo zamu ya hewani inalemewa. Kompyuta za mezani hazitembei, kwa hiyo hakuna unachokosa. Kwa chumba cha walimu wenye kompyuta mpakato, Wi-Fi.

Steshenari au mahali pa huduma za intaneti panapobadilisha mpangilio wa meza kila baada ya miezi michache: hapa sina jibu la haraka. Waya ndani ya tranki ya plastiki juu ya ukuta unahamishika kuliko watu wanavyodhani. Kama wateja wako wengi huja na simu zao, weka hela kwenye Wi-Fi na waya uwe wa kompyuta zako tu.

Zahanati, hospitali ndogo au misheni yenye majengo matatu uwanjani: faiba kati ya majengo, hata kama ni mita 40 tu, kwa ajili ya radi. Ndani ya kila jengo, waya hadi kwenye swichi na visambazaji vya wodini. Kama kuchimba hakuwezekani kwa sababu ya barabara au shamba la mtu, redio mbili za paani zinazotazamana, zenye ethi.

Kamera za ulinzi: waya, kwa sababu ya ule umeme wa kwenye kebo na kwa sababu kamera hutuma bila kupumzika saa 24; kamera nane hewani zinawanyang'anya watu zamu zao. Iliyo getini mita 150 kutoka ofisini ipewe faiba, na soketi yake hukohuko.

Nyumba ya wageni Mji Mkongwe ndiyo kazi inayoniumiza kichwa kuliko zote. Wageni wanataka Wi-Fi, kuta haziitaki, na huwezi kutoboa ovyo jengo la kihistoria. Ninachofanya ni kutafuta njia ambazo jengo tayari linazo: uwazi wa ua wa ndani, kando ya ngazi, mabomba ya zamani ya umeme. Waya unapita hapo hadi kila ghorofa, kisha kisambazaji kidogo kwa kila vyumba viwili au vitatu, kila kimoja kikiwa na nguvu iliyopunguzwa na chaneli tofauti na ya mwenzake. Kabla ya kununua chochote nazunguka na simu chumba hadi chumba, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mlango wa Zanzibar nao una unene wake.